Pagoda ya Shwedagon: Kwa Nini Kila Mgeni Huvua Viatu

Anayewasili Yangon, jiji kubwa kuliko yote nchini Myanmar, hana haja ya kuuliza iliko Pagoda ya Shwedagon. Mnara wake wa dhahabu, wenye umbo la kengele iliyowekwa juu ya kilima cha Singuttara, huonekana kutoka pande nyingi za jiji. Mchana humetameta kwa jua na usiku huangaziwa kwa taa. Hata hivyo, jambo la kwanza analolifanya mgeni anapofika huko halihusiani na dhahabu. Chini ya ngazi, kabla hajaiona pagoda yenyewe kwa karibu, huinama, akavua viatu, akavua na soksi, kisha akaanza kupanda kwa miguu mitupu.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuacha ndara zake kwenye kizingiti cha msikiti huenda asione ajabu yoyote hapo. Lakini nchini Myanmar kitendo hicho kidogo kina historia ndefu. Kiliwahi kuharibu uhusiano wa mfalme na dola kubwa, kikasababisha mtawa kuhukumiwa kifungo cha maisha, na kikawa miongoni mwa mambo yaliyowaamsha wananchi kudai uhuru wao. Kwa hiyo, anayetaka kuielewa Shwedagon anaweza kuanzia miguuni, kisha akainua macho taratibu hadi kileleni.

Kilima na nywele nane

Katika lugha ya Kiburma, neno "shwe" maana yake ni dhahabu, na Dagon ni jina la kale la mji uliokuwa mahali hapo. Mwaka 1755, Mfalme Alaungpaya aliuteka mji huo na kuupa jina la Yangon, lenye maana ya mwisho wa uhasama. Waingereza waliutamka Rangoon, na chini yao ukawa mji mkuu wa koloni. Leo makao makuu ya serikali yako Naypyidaw, lakini Yangon imebaki kuwa kitovu cha biashara, na Shwedagon imebaki kuwa mahali patakatifu kuliko pote nchini.

Wafuasi wa dini ya Kibudha wanasimulia kwamba ndugu wawili wafanyabiashara, Tapussa na Bhallika, walikutana na Budha nchini India muda mfupi baada ya yeye kupata nuru. Walimpa chakula, naye akawapa nywele nane za kichwa chake. Waliporejea nyumbani, mfalme wao aitwaye Okkalapa alizihifadhi nywele hizo juu ya kilima cha Singuttara, pamoja na masalio ya Mabudha watatu waliotangulia. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, pagoda ina umri wa zaidi ya miaka 2,500. Wataalamu wa mambo ya kale wanaona kuwa ilijengwa na watu wa kabila la Wamon kati ya karne ya 6 na ya 10. Kwa muumini anayepanda ngazi alfajiri akiwa na maua mkononi, tofauti hiyo ya karne haina uzito mkubwa. Analolijali ni kilichomo ndani ya mnara.

Na hapa yapasa kueleza jambo linalowashangaza wageni wengi: mnara huo hauna chumba wala mlango. Mnara wa aina hii huitwa stupa, na umejengwa kwa matofali yaliyoshindiliwa tangu chini hadi juu ili kuyafunika masalio matakatifu. Hakuna anayeingia ndani yake. Ibada yote hufanyika nje, kwenye uwanja mpana uliosakafiwa kwa marumaru, ambako waumini huuzunguka mnara wakiuweka upande wa mkono wa kulia, yaani kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa.

Dhahabu ya wengi

Pagoda haikuwa na ukubwa iliyo nao leo tangu mwanzo. Katika karne ya 14, Mfalme Binnya U wa Bago aliijenga upya hadi kimo cha mita 18 hivi. Katika karne iliyofuata, Malkia Shin Sawbu, mmoja wa wanawake wachache waliowahi kutawala katika historia ya nchi hiyo, alitoa dhahabu yenye uzito sawa na wa mwili wake ili ipigwe iwe mabati membamba ya kuufunika mnara. Tetemeko la ardhi la mwaka 1768 liliangusha kilele, na Mfalme Hsinbyushin alipoujenga upya aliupandisha hadi kufikia kimo cha sasa, takriban mita 99.

Kileleni kabisa kuna pambo linaloitwa "hti", yaani mwavuli, ambalo ni alama ya heshima na ya ufalme. Mwavuli wa mwaka 1871 ulitumwa na Mfalme Mindon kutoka Mandalay, wakati Yangon ilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza. Mfalme hakuweza kuutawala tena mji huo, lakini zawadi yake iliwakumbusha wakazi wake ni nani waliyemhesabu kuwa mfalme wao. Juu ya mwavuli, maelfu ya almasi na yakuti yamepachikwa, na kwenye ncha ya mwisho ipo almasi moja kubwa ya karati 76. Mtu aliyesimama chini hawezi kuyaona mawe hayo kwa macho matupu. Yamewekwa kuwa sadaka, na sadaka haihitaji kutazamwa.

Vivyo hivyo kwa dhahabu yenyewe. Sehemu ya juu ya mnara imefunikwa kwa mabati ya dhahabu halisi, na sehemu ya chini hupakwa karatasi laini za dhahabu. Jua na mvua za masika huichakaza, hivyo kila baada ya miaka kadhaa mnara huzungushiwa jukwaa la mianzi na mikeka ili mafundi waupake upya. Gharama hutokana na michango ya watu wa kila hali. Tajiri hutoa bati zima. Mchuuzi wa sokoni hutoa fedha ya karatasi moja ndogo. Ni vigumu kumpata mkazi wa Yangon ambaye familia yake haijawahi kuchangia chochote, na ndiyo sababu wanapoitazama pagoda kwa mbali huitazama kama mali yao wenyewe.

Siku uliyozaliwa

Mgeni akishafika uwanjani, anaweza kupotea katikati ya stupa ndogo zaidi ya 60, vibanda vya sala, sanamu, miti mitakatifu na moshi wa ubani. Namna nzuri ya kuanza ni kujua alizaliwa siku gani ya juma.

Kwa Waburma, siku ya kuzaliwa ina uzito kuliko tarehe. Kwa desturi, hata herufi ya kwanza ya jina la mtoto huchaguliwa kulingana na siku hiyo. Juma lao la ibada lina sehemu nane, kwa kuwa Jumatano hugawanywa mara mbili: asubuhi na alasiri. Kila sehemu ina upande wake wa dira, sayari yake na mnyama wake. Aliyezaliwa Jumatatu huelekea mashariki, na mnyama wake ni simbamarara. Wa Jumanne ana simba. Wa Jumatano asubuhi ana tembo mwenye pembe, na wa alasiri ana tembo asiye na pembe. Wa Alhamisi ana panya, naye huelekea magharibi. Wa Jumamosi ana joka.

Katika kila upande ipo sanamu ya Budha yenye birika la maji na vikombe. Muumini huteka maji na kuimwagia sanamu hiyo kikombe baada ya kikombe, huku akiomba heri kwa ajili yake na jamaa zake. Mgeni asiye Mbudha hakatazwi kufanya hivyo. Mara nyingi wenyeji humwelekeza wenyewe, wakimuuliza mwaka na tarehe aliyozaliwa, kisha wakatafuta siku yenyewe katika vijitabu vya kalenda.

Kengele zilizozama

Pembeni mwa uwanja zimening'inizwa kengele kubwa, na historia yake inatuelekeza kwenye upande mwingine wa Shwedagon: upande wa nguvu na uporaji.

Mwaka 1608, Mreno aitwaye Filipe de Brito alipora kengele kubwa iliyotolewa na Mfalme Dhammazedi katika karne ya 15, akikusudia kuiyeyusha ili atengeneze mizinga. Kengele ilizama mtoni pamoja na chombo kilichoibeba, na hadi leo haijaopolewa.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, katika vita vya kwanza kati ya Waingereza na Waburma, askari wa Uingereza waliiteka pagoda mwezi Mei 1824 na kuigeuza ngome. Ofisa mmoja alichimba handaki ndani ya mnara ili kuona kama ungefaa kuwa ghala la baruti. Walipotaka kuisafirisha kengele ya Mfalme Singu, yenye uzito wa tani 23 hivi, kuipeleka Calcutta, nayo ilizama mtoni. Wahandisi wao walishindwa kuiopoa. Inasimuliwa kwamba wenyeji waliomba ruhusa ya kujaribu, kwa sharti kwamba wakifanikiwa watairudisha kwenye pagoda. Waingereza walikubali, wakiamini hilo haliwezekani. Wazamiaji wakaifunga kengele kwa mianzi mingi kwa chini, ikaelea na kupanda juu. Ipo mahali pake hadi leo, na mgeni huruhusiwa kuigonga kwa gogo.

Mwaka 1852, katika vita vya pili, Waingereza waliitwaa tena pagoda. Safari hii jeshi lao lilibaki hapo kwa miaka 77, hadi mwaka 1929. Wananchi waliruhusiwa kupanda kuabudu, lakini walipita mbele ya askari wa kigeni waliovaa mabuti.

Suala la viatu

Katika desturi za Kiburma, kichwa ndicho kiungo kitukufu zaidi cha mwili na miguu ndiyo ya chini kabisa. Kuvaa viatu mahali patakatifu, au mbele ya mtu wa kuheshimiwa, ni kumwonyesha dharau. Kwa hiyo aliyeingia mbele ya mfalme alivua viatu, awe mwenyeji au balozi. Wajumbe wa Uingereza katika mji wa Mandalay nao walifanya hivyo kwa miaka mingi, ingawa kwa kunung'unika. Katikati ya miaka ya 1870, serikali ya Uingereza nchini India iliwaagiza wajumbe wake wasivue viatu tena. Mfalme Mindon hakukubali kuvunjiwa heshima ndani ya jumba lake, na tangu hapo mjumbe wa Uingereza hakupokewa tena mbele ya mfalme. Vita vya tatu vilipozuka mwaka 1885 vilikuwa na sababu nyingine nzito, zikiwemo biashara ya mbao za mitiki na ushindani na Ufaransa, lakini pande hizo mbili zilikuwa zimekwisha kupoteza njia ya kuzungumza ana kwa ana. Mfalme Thibaw, mrithi wa Mindon, alipelekwa uhamishoni India, na ufalme ukafikia mwisho.

Baada ya hapo hakukuwa na mfalme wa kuwalazimisha wageni kuvua viatu. Wazungu walipanda kwenye pagoda wakiwa na viatu vyao, na wenyeji walitazama. Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa karne ya 20, pale vijana waliosoma walipounda Jumuiya ya Vijana wa Kibudha mwaka 1906. Jumuiya hiyo ilikuwa na uangalifu mkubwa katika masuala ya siasa, lakini suala la viatu lilikuwa la dini, na kwa kulisimamia iliweza kuzungumza hadharani jambo ambalo kila mtu alilielewa: nani mwenye haki ya kuweka masharti katika nyumba ya Waburma? Mtawa msomi mwenye sifa kubwa, Ledi Sayadaw, naye aliandika akipinga uvaaji wa viatu kwenye viwanja vya pagoda.

Oktoba 1919, katika Pagoda ya Eindawya mjini Mandalay, kundi la watawa lilijaribu kuwatoa kwa nguvu Wazungu walioingia na viatu. Kiongozi wa watawa hao alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kujaribu kuua. Hata hivyo, serikali ya kikoloni iliona kwamba moto umekwisha kuwaka, ikaamua kuwa wasimamizi wa kila pagoda wana haki ya kuamua kuhusu viatu katika eneo lao. Wazungu wengi wakaona afadhali waache kabisa kuizuru Shwedagon kuliko kuvua viatu. Wenyeji hawakuwafuata kuwabembeleza.

Uwanja wa taifa

Tangu hapo Shwedagon haikuwa tena mahali pa sala peke yake. Mwaka 1920, wanafunzi wa chuo kikuu walikutana katika kibanda kimoja kwenye kona ya kusini-magharibi ya uwanja na kupanga mgomo wa kuipinga sheria mpya ya chuo kikuu, ambayo waliona itawafungia mlango vijana wengi. Mgomo huo huadhimishwa hadi leo kama Siku ya Taifa, na nguzo ya kumbukumbu imesimama mahali hapo. Mwaka 1938, wafanyakazi wa visima vya mafuta waliogoma na kutembea hadi Yangon walipiga kambi kwenye pagoda. Januari 1946, Jenerali Aung San alihutubia umati mkubwa hapo akidai uhuru. Aliuawa Julai 1947, miezi michache kabla ya nchi kuwa huru Januari 4, 1948.

Tarehe 26 Agosti 1988, binti yake Aung San Suu Kyi alisimama karibu na lango la magharibi na kuhutubia mamia ya maelfu ya watu waliodai demokrasia. Septemba 2007, watawa waliovalia kanzu zao nyekundu waliandamana kutoka pagoda hiyo kupinga serikali ya kijeshi, hadi askari walipoweka vizuizi na kuwatawanya kwa nguvu. Na tangu jeshi lilipotwaa madaraka Februari 1, 2021, nchi imekuwa katika vita vya ndani vilivyowaondoa mamilioni ya watu katika makazi yao. Wanaopanda Shwedagon leo hubeba maombi yanayohusu hayo pia, hata kama hawayasemi kwa sauti.

Ambaye angependa kuona jinsi mambo yalivyogeuka tangu enzi za suala la viatu akumbuke tarehe 19 Novemba 2012. Siku hiyo Rais Barack Obama wa Marekani alipanda Shwedagon akiwa na Hillary Clinton, waziri wake wa mambo ya nje. Wote wawili walikuwa miguu mitupu. Obama, aliyezaliwa siku ya Ijumaa, aliimwagia maji sanamu ya siku yake kama afanyavyo muumini yeyote.

Kwa anayekusudia kwenda

Kwa kuwa hali ya usalama nchini Myanmar hubadilika, msafiri anapaswa kwanza kufuata ushauri wa serikali yake. Akifika Yangon, pagoda ina malango manne, kila moja likilindwa na sanamu mbili kubwa za simba wa hadithi waitwao "chinthe". Ngazi zimefunikwa kwa paa, na kando yake kuna maduka ya maua, ubani na vitabu. Ipo pia lifti kwa wazee na wasiojiweza. Wageni kutoka nje hulipa ada ya kuingia. Nguo ifunike mabega na magoti, na asiyevaa ipasavyo anaweza kujifunga "longyi", vazi la kiunoni ambalo mtu wa pwani atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa kikoi. Akiketi, mgeni asinyooshe miguu kuelekea sanamu ya Budha. Kudharau dini si mzaha huko: mwaka 2015, mahakama mjini Yangon iliwafunga meneja wa baa mmoja raia wa kigeni na wenzake wawili wenyeji kwa miaka miwili na nusu, kwa sababu ya tangazo lililomwonyesha Budha akiwa amevaa vipokea sauti masikioni.

Saa nzuri ni alfajiri au machweo. Adhuhuri marumaru huwaka moto, na nyayo zisizozoea hulazimika kurukaruka kutoka kivuli hadi kivuli.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mahali pengine pa kupita. Nchi hii, wakati huo ikiitwa Burma, ndiko walikopelekwa askari wa keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka katika Bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, hadi Kalewa katika Mto Chindwin. Njia yao haikufika Yangon. Lakini katika makaburi ya vita ya Taukkyan, kilomita 30 hivi kaskazini mwa jiji hilo, kuna makaburi zaidi ya 6,000 ya askari wa majeshi ya dola ya Uingereza, na nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walikozikwa. Walipelekwa huko na dola ileile iliyokataa kuvua viatu.

Jioni, taa zinapowashwa Shwedagon, watu wa kujitolea hujipanga mstari mmoja, fagio mkononi, na kuufagia uwanja wote kwa pamoja. Ni wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, akina mama wa nyumbani. Wanaamini kwamba kusafisha mahali hapo huwapatia thawabu. Kwa kazi yao, kesho yake mtu mwingine ataweza kuvua viatu chini ya ngazi na kutembea bila kuogopa mwiba.